Vitovu hai na majirani zao

Historia ya vitovu hai vya galaksi mimi huianzia Mount Wilson, California, mwaka 1943. Carl Seyfert alichapisha uchunguzi wa galaksi 6 zenye vitovu vidogo vinavyong'aa kupita kiasi. Mistari ya spektra ya nuru yake ilikuwa mipana, ishara ya gesi inayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mojawapo, NGC 1275, iko katikati kabisa ya kundi la galaksi la Perseus. Enzi hizo hakuna aliyefikiria kuwa hiyo ni kazi ya shimo jeusi lililo kitovuni.

Wanafunzi wangu hudhani wingi wa galaksi jirani ndio unaowasha kitovu. Huwapa hesabu ya Alan Dressler na wenzake ya mwaka 1985: ndani ya makundi, vitovu hai vilikuwa kwenye takriban galaksi 1 kati ya 100; nje, 5. Ushahidi mzito huo! Ndani ya kundi galaksi hupishana kwa kasi mno, ni vigumu kuungana, na gesi moto huzipokonya gesi baridi, chakula cha shimo jeusi.

NGC 1275 yenyewe imekaa pazuri: gesi ya kundi hupoa na kuishukia. Nayo hujibu. Picha za eksirei za darubini ya Chandra, zilizotangazwa mwaka 2003, zilionyesha mawimbi ya sauti yakisambaa kutoka kitovuni, ambayo yanadhaniwa kuipasha joto gesi hiyohiyo, isipoe yote.