Fukwe za Dar es Salaam na Bagamoyo kwa Mtu Aliyetoka Lurujo

Kwetu Lurujo, katika nchi ya Arua na Koboko, hakuna bahari. Maji makubwa tuyajuayo ni ya Mto Nile, nayo yako mbali kidogo upande wa mashariki. Mtoto anayekulia huko huisikia bahari darasani na katika masimulizi ya wazee waliokuwa askari. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, jambo la kwanza nililotaka ni kuiona bahari kwa macho yangu. Nilidhani nakwenda kutembea tu. Lakini fukwe zile zilinifundisha historia ya kwetu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Asubuhi ya kwanza mwenyeji wangu alinipeleka soko la samaki la Magogoni, karibu na kivuko cha Kigamboni. Mashua zilikuwa zimerudi, wavuvi wakishusha samaki na wachuuzi wakipigania bei. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniona nimesimama nikishangaa maji.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wewe. Watoka wapi?"

"Natoka Uganda, mzee. Upande wa Koboko."

Akaacha kushona, akanitazama. "Koboko? Kwa Amin huko."

Hakusema kwa ubaya, wala hakuongeza neno. Nami sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba ukoo wa Idi Amin unatoka kwetu, na ni kweli kwamba mwaka 1978 jeshi lake liliivamia Kagera, likaua watu na kuharibu mali zao. Nilijiuliza kama hicho ndicho kitu pekee kinachoiunganisha Koboko na pwani hii. Swali hilo nilitembea nalo siku zote nilizokaa huko.

Fukwe za Dar es Salaam ni nyingi, na kila moja ina mambo yake. Jiji lenyewe lilianza kando ya kijiji cha Mzizima, pale Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga katika miaka ya 1860. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama sawasawa. Coco Beach iko Oysterbay, mtaa ambao wakati wa ukoloni ulikuwa wa Wazungu. Leo jioni za mwisho wa juma hujaa familia, watoto wanaocheza mpira mchangani, na wauza mihogo ya kukaanga na mishikaki. Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, ushahidi kwamba watu wa pwani walifanya biashara na nchi za mbali muda mrefu kabla ya Wazungu kuja. Kigamboni unaweza kuvuka kwa pantoni, au kupita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Kote huko niliogelea, nikala, nikafurahi. Lakini jibu la swali langu sikulipata mpaka nilipofika Bagamoyo.

Bagamoyo iko yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ufukwe wake ni mpana, maji yakipwa unaweza kutembea mbali sana, na ngalawa hulala ubavu zikingoja maji kujaa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara iliishia hapa. Wamisionari Wakatoliki walianzisha misheni yao hapa mwaka 1868, na Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Tarehe 4 Desemba 1889 uliingia hapa msafara wa Henry Morton Stanley. Pamoja naye alikuwamo Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Eduard Schnitzer. Tangu mwaka 1878 Emin alikuwa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri. Msomaji asiye wa kwetu huenda asijue Equatoria ilikuwa wapi. Ilikuwa nchi ya Nile ya juu, na baadhi ya vituo vyake, kama Dufile na Wadelai, vilikuwa kwenye kingo za mto huo ndani ya eneo ambalo leo ni West Nile. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Mahdi mwaka 1885, Emin alikatwa njia ya kaskazini, akahamia Wadelai. Agosti 1888 askari wake wenyewe walimwasi wakamfunga Dufile.

Askari hao waliitwa Wasudani, lakini jina hilo lilificha mengi. Walitoka katika makabila mengi ya Nile ya juu, na wengi wao walikuwa wametekwa au kuchukuliwa wakiwa vijana, wakapewa bunduki na lugha ya Kiarabu cha jeshini. Kutokana nao na familia zao ndipo wakapatikana Wanubi wa leo, ambao lugha yao husikika sokoni Arua na Koboko.

Msafara ulioondoka kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, tarehe 10 Aprili 1889 ulikuwa na watu wapatao 1,500. Mamia kati yao walikuwa watu wa Equatoria: askari, makarani, wanawake na watoto. Wapagazi wengi walikuwa wameajiriwa Zanzibar, na Kiswahili kilikuwa lugha yao. Walitembea miezi minane. Njaa, homa na vidonda viliwaua wengi, na wengine waliachwa njiani. Walipoiona bahari ya Bagamoyo walikuwa wamebaki takriban nusu tu. Wajerumani wakawafanyia viongozi karamu. Usiku huohuo Emin, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alianguka kutoka dirishani ghorofani akaumia kichwa. Kisa hicho kimeandikwa katika vitabu vingi. Wanawake na watoto wa Equatoria waliolala mchangani usiku ule hawakuandikwa hata majina yao. Baadaye watu wa msafara wakapakiwa melini, wakapelekwa Misri, nchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona.

Hapo ndipo nilipokaa chini mchangani. Tangu utotoni nilisikia jina la Wadelai, lakini sikujua kwamba njia iliyotoka huko iliishia mahali nilipoketi.

Lakini si haki kusimulia upande mmoja. Mwaka huohuo wa 1889 Wajerumani walikuwa wanapigana na watu wa pwani walioongozwa na Abushiri bin Salim. Hermann von Wissmann alikwenda Cairo akaajiri mamia ya Wasudani, akawaleta pwani, nao wakaisaidia Ujerumani kuuzima upinzani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, siku 11 tu baada ya Emin kufika Bagamoyo. Kwa hiyo mwenyeji wa Bagamoyo aliwaona Wasudani wawili mwaka mmoja: mmoja ameshika bunduki ya Mjerumani, mwingine mkimbizi amebeba mtoto. Wote wawili walihamishwa kutoka kwao na mamlaka za watu wengine.

Nao waliobaki kwa Kavalli wakiongozwa na Selim Bey walichukuliwa na Frederick Lugard mwaka 1891, akawaweka katika ngome za Toro na Bunyoro kwa ajili ya Waingereza. Vikosi vyao vilikuwa miongoni mwa vile vilivyounganishwa mwaka 1902 kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo tunalijua kwa jina la KAR. Arua ilipofanywa kituo cha serikali mwaka 1914, nchi yetu ikawa mahali pa kutafutia askari na vibarua. Vijana wa kwetu waliingia KAR, na humo wakajifunza Kiswahili. Ndiyo maana hata leo wapo Waganda wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya kambi na ya amri.

Bahari iliwachukua askari hao pia. Katika Vita Kuu ya Pili wengi wa waliopelekwa Ceylon na Burma walipanda meli katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Februari 1944 meli moja iliyotoka huko ikiwa na mamia ya askari wa Afrika Mashariki ilizamishwa na Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, wakafa watu karibu 1,300. Meli hiyo iliitwa Khedive Ismail, jina la mtawala wa Misri aliyetuma watu kuitwaa Equatoria.

Siku ya kuondoka nilirudi Magogoni. Nilimkuta yule mzee, nikamweleza niliyojifunza Bagamoyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo sikuyajua," akasema. "Lakini vita vya Kagera navijua. Kaka yangu alikwenda, hakurudi."

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Na ninyi kwenu?"

Nikamwambia kwamba majeshi yalipofika West Nile katikati ya mwaka 1979, watu wetu wengi walikuwa wamekimbilia Sudan na Zaire, na kwamba wengine walizaliwa na kukua katika kambi huko. Akatikisa kichwa. Kisha akanionyesha namna ya kushika sindano ya wavu, na tukashona kidogo pamoja mpaka mwenyeji wangu akaniita.

Sikwenda kumfuta mzee yule kumbukumbu ya kaka yake, wala historia haina kazi hiyo. Nilichojifunza ni kwamba mwaka 1979 haukuwa mwanzo wa mambo kati yetu na watu wa pwani. Karibu miaka 90 kabla yake, watu wa Nile walifika ufukweni wakiwa wamechoka, na lugha ya wapagazi waliotembea nao ndiyo niliyozungumza na mzee huyo. Mwanafunzi wa kwetu akipata nauli, asiishie Coco Beach. Aende na Bagamoyo, maji yakipwa, akatembee mchangani. Na wa pwani akipata nafasi, aje aione Wadelai. Njia ni ileile.