KIBULI: WAZEE WALIOTOA ARDHI ILI WATOTO WASOME



Vijana wetu wengi wanaiona shule ya sekondari kuwa jambo la kawaida tu. Ni vyema wajue jinsi Waislamu wa nchi jirani ya Uganda walivyoihangaikia.

Uislamu ulifika Buganda kabla ya Ukristo. Lakini katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888 Waislamu walishindwa, na Mkataba wa 1900 ukawaachia saza moja tu, Butambala. Shule nazo zikawa mikononi mwa wamisionari: Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905 na Budo 1906. Mzazi wa Kiislamu akabaki na mtihani mzito. Ampeleke mwanawe huku akihofia imani yake, au ambakishe nyumbani akose elimu? Wengi walichagua la pili. Matokeo yake, kwa miaka mingi Waislamu walijaa kwenye biashara ndogo, bucha na udereva, na maofisini wakawa wa kuhesabika.

Mwaka 1944 ikaundwa jumuiya ya elimu ya Waislamu, UMEA. Naye Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, akatoa ardhi yake kwenye kilima cha Kibuli, Kampala, ijengwe misikiti na shule. Hapo hofu ya mzazi ikapungua: mtoto atasoma hesabu na sayansi, na adhana ikilia atakwenda kuswali.

Baada ya uhuru, kufuatia ripoti ya Tume ya Castle ya mwaka 1963, serikali ilishika usimamizi wa shule zilizopata ruzuku, na milango ikafunguka kwa wanafunzi wa dini zote. Leo Kibuli inasomesha hata wasio Waislamu, na watoto wetu wamo katika shule zilizoanzishwa na wamisionari. Kwa sensa ya mwaka 2014, Waislamu walikuwa asilimia 13.7 ya wananchi wa Uganda.

Ndugu zangu, wazee wale walikuwa wachache na hawakuwa na serikali ya kuwabeba. Walitoa walichokuwa nacho. Sisi tunaochanga mamilioni kwa harusi ya siku moja, tujiulize: ada ya yatima wa mtaani kwetu tunaichanga lini?

Allah awarehemu waliotangulia, na atujaalie nasi tuwe wenye kutoa. Amin.