Jiwe la Mizani Katika Umeme Mdogo

Mwuza nafaka na sonara wote wawili hutumia mizani, lakini mizani ya mmoja haimfai mwenziwe. Mizani ya magunia haisikii uzito wa pete, na mizani ya pete ikitwikwa gunia huvunjika. Hata hivyo mizani zote zina masharti mawili yaliyo sawa: mkono usioegemea upande, na jiwe la kupimia lisilobadilika. Likikosekana moja, kipimo huwa uongo hata kama mpimaji ni mwaminifu. Masharti haya ndiyo yaliyowashughulisha mafundi wa umeme katika karne ya 20 walipotaka kupima mambo madogo kwa nguvu ndogo. Habari yao yastahili kuandikwa kwa lugha yetu, maana matunda yake tumekwisha kuyala bila ya kuujua mti.

Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliona kuwa madini mawili tofauti yakiungwa, na kiungo kimoja kikatiwa moto, sindano ya dira iliyo karibu huchezea. Leo twajua kuwa joto lile lilizaa umeme. Nyaya za namna hii zitumikazo sana viwandani hutoa kiasi cha mikrovolti 41 kwa kila digrii moja. Yaani volti moja igawanywe mafungu milioni, kisha yachukuliwe mafungu 41. Umeme huo ni lazima ukuzwe ndipo usomeke. Kikuzaji chenye kosa la milivolti moja tu hudanganya kwa digrii 24. Katika tanuri la chokaa kosa hilo lavumilika. Katika sanduku la chanjo, ambayo nyingi hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, kosa hilo ni msiba usioonekana: dawa huharibika, na mtoto huchomwa sindano isiyomkinga.

Katika miaka ya 1960 ilidhaniwa kuwa usahihi hununuliwa kwa wingi wa nguvu. Vikuzaji vya siku zile vilizoea kulishwa volti 15 upande wa chanya na 15 upande wa hasi. Sababu si ngumu. Kila transista hutoza ushuru wake, karibu volti 0.6, kabla ya kuruhusu umeme kupita. Zikipangwa kadhaa moja juu ya nyingine, ushuru huongezeka. Betri ndogo moja huanza na volti 1.5, na inapokaribia kufa hushuka karibu na 1.1. Fungu hilo halitoshi hata kulipa ushuru wa transista mbili.

Mtu aliyeshindana na ufukara huo ni Robert Widlar, Mmarekani aliyezaliwa Cleveland mwaka 1937. Alikuwa na kipaji kikubwa na tabia isiyoongozeka. Kikuzaji chake cha µA709 cha mwaka 1965 kilienea sana, nacho kilikuwa cha ukoo ule wa volti nyingi. Mwisho wa mwaka 1970 aliacha kuajiriwa, akahamia Puerto Vallarta, Meksiko. Lakini mwaka 1971 alikuwa amekwisha kueleza jinsi ya kupata jiwe la mizani ndani ya silikoni yenyewe. Volti ya transista hupungua joto likizidi, kwa kadiri ya milivolti 2 kila digrii. Lakini tofauti ya volti za transista mbili zenye msongamano wa umeme usio sawa huongezeka joto likizidi. Kinachopungua kikijumlishwa na kinachoongezeka kwa kadiri ifaayo, hupatikana karibu volti 1.2 isiyojali jua wala baridi.

Hapo palikuwa na kikwazo. Jiwe la volti 1.2 ni zito kuliko betri yenye 1.1 iwezavyo kulibeba. Widlar hakuomba betri kubwa zaidi, alilipunguza jiwe. Alitafuta njia ya kutoa sehemu ya jumla ile bila ya kuiunda jumla nzima, akapata jiwe la milivolti 200 lenye uthabiti ule ule. Mwaka 1978 saketi yake ya LM10 ilitolewa na kampuni ya National Semiconductor. Katika kipande kimoja cha silikoni mlikuwa na mkono wa mizani na jiwe lake, vyote vikifanya kazi tangu volti 1.1 hadi 40, kwa kiasi cha mikroampea 270. Widlar alifariki Puerto Vallarta mwaka 1991.

Wakati huo huo, huko Neuchâtel, Uswisi, wengine walikuwa wakipunguza umeme upitao, si volti peke yake. Viwanda vya saa vilianzisha maabara yao mwaka 1962, nayo mwaka 1967 ikatengeneza saa ya mkono ya kwarizi. Saa ile ilipaswa kuishi kwa betri iliyo ndogo kama kifungo. Transista za aina ya MOS hufunguka volti inapovuka kizingiti. Chini yake zilihesabiwa kuwa zimefungwa, na umeme uliopenya uliitwa mvujo. Eric Vittoz na Jean Fellrath waliuchunguza mvujo huo, na mwaka 1977 wakaonyesha kuwa unafuata kanuni thabiti, tena waweza kuundiwa vikuzaji. Kilichotupwa kama taka kikawa mali. Lakini Wajapani walikuwa wametangulia kuuza saa za kwarizi, mwezi wa Desemba 1969, na viwanda vya Uswisi vilivyokuwa na wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970 vilibaki na kama thuluthi yao katikati ya miaka ya 1980. Kuwa na elimu ni jambo moja, na kuila faida yake ni jingine.

Maumbile nayo yana haki yake. John Johnson na Harry Nyquist walionyesha mwaka 1928 kuwa joto huzaa mtikisiko wa umeme katika kila kizuizi. Na umeme wa transista ukipunguzwa, mtikisiko huo huzidi kuifunika ishara. Tiba yake ni subira: kwa kuwa joto la sanduku hubadilika polepole, chombo huweza kungoja na kuchukua wastani. Anayetaka usahihi, udogo na wepesi vyote pamoja hapati.

Basi msomaji asidhani kuwa habari hii ni ya vyombo tu. Wale mafundi walikuta udogo ukihesabiwa kuwa kasoro, wakauchunguza mpaka wakaijua sheria yake. Mwenye kibaba kimoja asiyejua kupima hufa njaa kabla ya mwenye nusu kibaba anayejua. Sisi tulio wengi wa haja na wachache wa nyenzo tusingoje wingi ndipo tuanze kupima kwa haki; tuanze kwa kulitafuta jiwe la mizani linaloweza kubebwa na nguvu tuliyo nayo.