Jiwe la Kibo na Njia ya Pangani

Safari ya pili ya Hans Meyer kwenda Kilimanjaro, mwaka 1888, iliishia minyororoni. Mjerumani huyo na mwenzake, Oscar Baumann, walikuwa milima ya Usambara wakati vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani vilipowaka pwani ya Mrima. Wapagazi wao wakatoroka, nao wakiwa njiani kurudi Pangani wakatiwa mbaroni na watu wa Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo. Waliachiwa baada ya kulipa kikomboleo.

Mwaka uliofuata Meyer aliikwepa Pangani, akaanzia Mombasa. Tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, cha juu kuliko vyote Kilimanjaro. Desemba 15, Bushiri akanyongwa Pangani.

Kutoka kileleni Meyer aliteremka na kipande cha zaha iliyoganda. Ukitazama umri wa mawe, alibeba kitoto. Shira, sehemu kongwe ya Kilimanjaro, ilianza kutema moto miaka zaidi ya milioni 2 iliyopita. Mawenzi ikafuata, na Kibo ndiyo kitinda mimba. Usambara alikokwama mwaka 1888 si volkano hata kidogo: miamba yake ilipikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, nayo ni chokaa ya bahari ya zama za dinosaria.

Tanga kuna hadithi kwamba mtu akiingia Amboni anaweza kutokea Kilimanjaro. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipoyapima mapango hayo mwaka 1994, refu kuliko yote halikuzidi mita 900 hivi. Hadithi ni tamu, lakini njia halisi ya kutoka mlimani hadi pwani hii haijifichi: ni Mto Pangani, unaoteremsha maji ya Kilimanjaro na Meru, ukipita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi.

Jiwe lenyewe Meyer alilipasua. Nusu alimpa Kaizari Wilhelm II, ikapachikwa ukutani katika ukumbi wa makombe ya baharini na madini wa jumba la kifalme huko Potsdam; nusu akabaki nayo mwenyewe. Baadaye ile ya Kaizari ikatoweka, likawekwa jiwe jingine mahali pake, na wageni wakaendelea kuonyeshwa kilele cha Afrika. Wanajiolojia walipolichunguza, wakakuta halikutoka Kilimanjaro.