Kutoka Kuhesabu Ndagala Hadi Kutuliza Mikono

Ukipiga sauti kwenda chini mahali ambapo Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko pote, itagonga sakafu na kurudi juu baada ya sekunde mbili hivi. Kina hicho ni mita 1,470, na majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mbelgiji André Capart aliitegemea hesabu hiyo alipolipima ziwa katika msafara wa kisayansi wa 1946 na 1947. Ramani ya kina aliyoichapisha mwaka 1949 ilichukua nafasi ya vipimo vichache vya uzi wenye uzito uliokuwa ukishushwa kutoka ubavuni mwa chombo.

Baadaye sauti ilipewa kazi ya kuhesabu samaki. Mwaka 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza mradi mkubwa wa kulichunguza ziwa, makao yake makuu yakiwa Bujumbura na fedha nyingi zikitoka Finland. Katikati ya miaka ya 1990 meli ya utafiti iliyoitwa Tanganyika Explorer ililikata ziwa kutoka upande huu hadi ule, tangu Burundi hadi Zambia. Kifaa chake kilituma majini sauti ambayo sikio la mtu haliipati, kisha kikasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye makundi ya samaki. Mvuvi wa Rumonge, Burundi, anayetoka na taa zake jua likishazama, hakuhitaji meli kumweleza kwamba samaki wadogo waitwao ndagala hupanda usiku na kuzama mchana. Ila mizani yake ni kapu na wavu. Watafiti walitaka kujua ni tani ngapi za ndagala na mukeke zimo katika ziwa lote, pamoja na zile ambazo hakuna wavu uliozigusa.

Kazi ya kisayansi ya mradi huo ilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Kuopio, katika mji wa Finland ambao nao umezungukwa na maziwa. Katika chuo hichohicho alisomea fizikia Kullervo Hynynen, mmoja wa watu waliofanya iwezekane leo kutibu mishipa ya fahamu ndani ya ubongo kwa sauti, bila kisu. Sidai kwamba ndagala wetu walimfundisha kitu. Lakini sauti inayohesabu samaki na sauti inayotibu neva ni za ukoo mmoja, na ukoo huo ulizaliwa majini.

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kama kwatzi, hutoa umeme zikibanwa. Punde ikajulikana kwamba kinyume chake ni kweli pia: ukizipa umeme, zinatetemeka. Ugunduzi huo ulibaki maabarani mpaka nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzamisha meli katika Vita Kuu ya Kwanza. Hapo Paul Langevin akachukua kwatzi, akaitetemesha kwa umeme ndani ya maji ili mwangwi umwonyeshe nyambizi ilipojificha. Katika majaribio yake huko Toulon likatokea jambo ambalo hakulitafuta: samaki waliopita mbele ya chombo chake walikufa, na mtu aliyetia mkono pale alisikia maumivu makali.

Mmarekani Robert Wood, aliyeyashuhudia majaribio hayo, hakuyasahau. Pamoja na tajiri mpenda sayansi, Alfred Loomis, alijenga mtambo wenye nguvu zaidi, na mwaka 1927 wakachapisha waliyoyaona kwa samaki, vyura na chembe hai. Kufikia hapo ilikuwa wazi kwamba sauti ikiwa hafifu hupita na kurudi na habari, nayo ikiwa kali hupasha joto na kuua. Daktari anayempima mama mjamzito kwa ekografia anatumia ile hafifu. Wanaotibu neva walilazimika kuitawala ile kali.

Kizuizi kilikuwa mfupa. Fuvu humeza sauti, hupata joto haraka, na huipotosha mionzi isikutane pale unapotaka. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Marekani walijaribu kuupitisha mwale wa sauti ndani ya vichwa vya wanyama. Ubongo uliguswa, lakini ngozi ya juu nayo iliungua. Katika miaka ya 1950 ndugu wengine wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliikwepa shida hiyo kwa njia ngumu: kipande cha fuvu kiliondolewa kwanza. Wakishirikiana na daktari wa upasuaji Russell Meyers wa Iowa, waliwatibu hivyo wagonjwa wa Parkinson, na mitetemo ikatulia. Lakini ikiwa lazima umfungue mtu kichwa, faida ya sauti juu ya kisu inabaki wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja dawa ya levodopa, na wengi wakaona vidonge vinatosha.

Hynynen na mwenzake Ferdinand Jolesz walilirudia suala hilo huko Boston katika miaka ya 1990 wakiwa na silaha mbili ambazo akina Fry hawakuwa nazo. Ya kwanza ni kompyuta inayosoma unene wa fuvu la kila mgonjwa na kuchelewesha baadhi ya mawimbi kidogo sana, ili yote yafike kwa pamoja. Ya pili ni mashine ya MRI, inayoonyesha ubongo na joto lake wakati matibabu yanaendelea. Kwa hiyo mgonjwa wa leo hunyolewa nywele na kuvishwa kofia yenye vyanzo vya sauti 1,024. Kila kimoja ni dhaifu mno kuumiza chochote njiani. Ni mahali pa kukutania tu panapopata joto kali, jinsi miwani ya babu inavyokusanya jua la adhuhuri na kutoboa karatasi. Kati ya kofia na ngozi huzungushwa maji baridi, kwa sababu mfupa bado ni uleule wa tangu zamani.

Kinacholengwa ni sehemu ndogo ndani ya thalamasi, kituo kinachopitisha ishara za mwendo. Mgonjwa yuko macho. Kwanza hupashwa joto dogo la kujaribu, anaambiwa achore duara au mzunguko wa konokono, na mkono ukitulia ndipo joto hupandishwa hadi karibu nyuzi 55 au 60 na chembe za pale hufa. Marekani iliidhinisha tiba hii Julai 2016 kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono, kisha mwaka 2018 kwa mitetemo ya Parkinson. Haiponyi Parkinson yenyewe, na wapo wanaobaki na ganzi au kuyumba wanapotembea. Ndiyo maana kwa miaka mingi upande mmoja tu wa ubongo uliruhusiwa. Ruhusa ya kurudi upande wa pili ilitoka mwishoni mwa 2022.

Novemba 2023 ikaidhinishwa tiba nyingine ya sauti, isiyogusa kichwa. Mrija mwembamba hupitishwa pajani hadi kwenye mshipa wa damu wa figo, na sauti inayotoka kwenye ncha yake huchoma neva zinazouzunguka, zile zinazochochea presha ya damu. Puto lililojaa maji yanayozunguka huupoza ukuta wa mshipa usiungue. Presha hushuka kwa kiasi, wala haimaanishi mgonjwa atupe vidonge.

Kwa mgonjwa wa Rumonge, sauti hii bado ni ya kupimia tu. Kati ya tiba hizo mbili, mimi naona ya figo ndiyo itakayotangulia kulifikia ziwa letu, kwa kuwa haihitaji kofia wala MRI, bali chumba cha eksirei ya mishipa na daktari aliyezoea kupitisha mirija. Na wenye presha ni wengi kuliko wenye mikono inayotetemeka.