Chonga: Mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi ya Pwani

MKWEZI anayefika kileleni mwa mnazi na kukuta makuti yamekatwa mithili ya mkasi, upande mmoja ukilingana na wa pili, hana haja ya kuuliza ni nani aliyepita hapo. Ni chonga, mbawakawa mweusi wa usiku ambaye wataalamu humwita Oryctes monoceros. Mwanasayansi Mfaransa, Guillaume-Antoine Olivier, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka wa 1789. Neno la pili la jina hilo lina maana ya "mwenye pembe moja".

Chonga ni wa ukoo mmoja na mbawakawa wanaobingirisha samadi ya ng'ombe. Urefu wake ni kati ya sentimita 3.5 na 5 hivi. Mabawa yake ya juu ni magumu, yanang'aa na yamefunika mabawa membamba ya kurukia. Vipapasio vyake vifupi vina vibamba vitatu nchani, na kwa hivyo yeye hunusa. Dume ana pembe ndefu iliyopinda kuelekea nyuma. Ya jike ni fupi, naye hutambulikana pia kwa manyoya yaliyo kwenye ncha ya tumbo.

Pembe hiyo huwatisha watoto bure. Haimdungi mtu, wala si yenyewe inayokata mnazi. Vyombo vya kazi ni taya zenye nguvu na miguu ya mbele, ambayo ina meno kama ya reki. Kwa miguu hiyo chonga hujisukuma katikati ya vikonyo vya makuti hadi kwenye moyo wa mnazi, ambako makuti machanga yangali yamekunjwa pamoja. Huko hutafuna tishu laini na kufyonza maji yake, halafu hutupa nje makapi yanayofanana na machicha ya nazi. Kwa kuwa kuti limekunjwa, tundu moja hupenya majani mengi kwa pamoja. Kuti linapofunguka wiki kadhaa baadaye, ndipo mkulima anapoona mikato ile yenye umbo la herufi V, na mara nyingi aliyeikata amekwisha kuhama.

Mnazi mkubwa huweza kustahimili jeraha la namna hiyo, ingawa ukishambuliwa mara kwa mara mazao hupungua. Mche wa miaka miwili au mitatu ni habari nyingine. Mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia. Kikitobolewa, hauna tawi la kuchipuza upya, na miaka ya kuutunza imepotea.

Hata hivyo, anayemtafuta chonga juu ya mnazi peke yake anatazama nusu tu ya mambo. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita chini. Jike hutaga katika magogo ya minazi yanayooza, mashina yaliyokufa yakiwa yamesimama, na marundo ya taka za mimea. Buu wake ni mweupe, mnene, amejikunja kama herufi C, ana kichwa cha rangi ya kahawia na jozi tatu za miguu. Hali mnazi ulio hai. Hula mti uliooza kwa miezi kadhaa, akisaidiwa na bakteria walio katika utumbo wake, kisha huwa bundo kabla ya kutoka akiwa na mabawa. Kwa jumla, safari hiyo huchukua yapata nusu mwaka.

Basi gogo linaloachwa shambani baada ya mnazi kuangushwa ni kitalu cha kulelea chonga. Wakulima wa Msumbiji walilijua hilo kwa uchungu: ugonjwa wa umanjano ulipoua minazi kwa mamilioni katika mkoa wa Zambezia, mashina yaliyobaki yalizaa chonga walioshambulia miche iliyopandwa badala yake.

Makao ya chonga ni Afrika ya kitropiki, kuanzia Ghana na Ivory Coast hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji, pamoja na visiwa vya Ushelisheli. Hategemei mnazi pekee. Mivumo, michikichi na mitende humfaa pia, na pengine ndiyo sababu hakosekani hata mahali ambapo minazi ni michache.

Dawa ya kwanza ni kupasua magogo na kuyachoma mapema. Wengine humtoa chonga tunduni kwa waya wenye ncha iliyopindwa, kazi inayotaka subira. Mnamo 1994 watafiti walitambua harufu ambayo dume huitoa na ambayo huwavuta chonga wenzake. Harufu hiyo ikitengenezwa na kutiwa katika mtego, huwanasa madume na majike. Ushelisheli nayo ilijaribu virusi vinavyomuua mdudu huyu katika miaka ya 1980.

Virusi hivyo vilipatikana kwanza Malaysia miaka ya 1960, kwa jamaa wa chonga kutoka Asia, Oryctes rhinoceros. Huyo ni msafiri zaidi: alifika Samoa mwaka wa 1909, akagunduliwa Guam 2007 na Hawaii 2013.