Kadi za michoro zilizotumika: Usinunue jina, nunua kasi

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI anayeingia katika duka la kompyuta zilizotumika, liwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, huweza kuwekewa mezani kadi mbili za michoro zenye bei inayokaribiana. Moja ina kumbukumbu ya gigabaiti nne, nyingine mbili. Wengi huchukua ile ya nne na kwenda zao wakiamini wamepata.

Mara nyingine huwa wamepatikana. Kadi ya GeForce GT 730 yenye gigabaiti nne haifui dafu mbele ya GTX 750 Ti yenye gigabaiti mbili, ingawa zote ni za mwaka 2014.

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila taswira ya mchezo kwenye skrini. Ikiwa dhaifu, picha hukwamakwama hata kama sehemu nyingine za kompyuta ni imara. Ndiyo maana kwa mpenzi wa michezo ya kompyuta mwenye fedha kidogo, uchaguzi wa kadi ni uamuzi mzito kuliko mwingine wowote.

Makala haya yanalinganisha kadi za zamani zinazofahamika zaidi, na kueleza mambo ya kutazama kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Kampuni mbili, majina mengi

Kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa GeForce 256 mwaka 1999 na kuinadi kuwa prosesa ya kwanza ya michoro duniani. Mshindani wake, 3dfx, aliyevuma kwa kadi za Voodoo kuanzia mwaka 1996, aliuza mali zake kwa Nvidia mwishoni mwa mwaka 2000. ATI ya Kanada, watengenezaji wa Radeon, ilinunuliwa na AMD mwaka 2006.

Kutokana na hayo, karibu kila kadi ya mitumba ni ama GeForce ama Radeon.

Jina la kadi lina maana yake. Katika GTX 1060, tarakimu 10 ni kizazi na 60 ni daraja ndani ya kizazi hicho. Hivyo, namba kubwa si lazima iwe na kasi kubwa. GTX 970 ya mwaka 2014 huiacha mbali GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya daraja la juu na ya pili ya daraja la chini.

Aidha, majina yamekuwa yakipotosha tangu zamani. GeForce4 MX 440 ya mwaka 2002 ilibeba jina la kizazi cha nne, lakini usanifu wake ulitokana na GeForce2.

GTX 1060 nayo iliuzwa kwa sura mbili mwaka 2016: ya gigabaiti sita yenye viini 1,280, na ya gigabaiti tatu yenye viini 1,152. Tofauti yao, basi, si ya kumbukumbu peke yake. Hali kadhalika, RX 580 yenye maandishi "2048SP", iliyoanzia soko la China, ina viini sawa na RX 570, si 2,304 vya RX 580 halisi.

Wingi wa kumbukumbu si kasi

Kumbukumbu ya kadi ni kama ghala, na kasi yake ni upana wa mlango. Ghala kubwa lenye mlango mwembamba halimfai mwenye haraka.

Mfano mzuri ni wa GeForce 8800 GT ya mwaka 2007 na Radeon HD 4870 ya mwaka 2008. Zote zilikuwa na megabaiti 512 na njia ya biti 256. Hata hivyo, ya kwanza ilisafirisha gigabaiti 57.6 kwa sekunde na ya pili 115.2, mara mbili kamili, kwa kuwa ilitumia kumbukumbu mpya ya GDDR5 badala ya GDDR3.

Kosa hilo la kutazama wingi tu huwagharimu wanunuzi hadi leo. GT 1030 ya mwaka 2017 yenye GDDR5 ina kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde. Toleo la mwaka 2018 lenye jina hilohilo, lakini likiwa na DDR4, lina 16.8 tu. Boksi hufanana, mchezo haufanani.

Kadi kwa kadi

GTX 750 Ti, yenye viini 640, hutumia wati 60 na kwa kawaida haihitaji waya wa ziada wa umeme. Inatosha kwa michezo ya zamani. GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, iliomba angalau kadi ya 9800 GT au HD 4870 yenye gigabaiti moja, hivyo 750 Ti huimudu bila taabu.

GTX 1050 Ti ina viini 768, gigabaiti nne na matumizi ya wati 75. Hiki ndicho kiwango cha chini kwa wapenzi wa soka, kwani mchezo wa EA Sports FC 24 uliotoka mwaka 2023 uliitaja kadi hii pamoja na RX 570 kuwa kima cha chini kinachokubalika.

GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo ni ya wati 75, lakini ina viini 896 na ni ya kizazi kipya zaidi. Ni chaguo zuri kwa asiyetaka kubadilisha pawa saplai.

RX 570 ya mwaka 2017 huishinda GTX 1650 katika michezo mingi, japokuwa ni ya zamani zaidi. Gharama yake iko kwenye umeme: wati 150, yaani mara mbili ya mwenzake, na waya wa ziada ni lazima.

RX 580 ya gigabaiti nane na GTX 1060 ya gigabaiti sita zinakaribiana sana. Zote huendesha michezo mingi ya miaka ya 2016 hadi 2019 kwa takriban picha 60 kwa sekunde kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080. RX 580 ina akiba kubwa ya kumbukumbu lakini hula wati 185; GTX 1060 hutosheka na wati 120.

GTX 970 iko nyuma kidogo ya hizo mbili. Mnunuzi afahamu kuwa katika gigabaiti zake nne, nusu gigabaiti ya mwisho ni ya mwendo wa pole, jambo lililozua kesi nchini Marekani. Nvidia ilikubali mwaka 2016 kuwalipa wanunuzi dola 30 kwa kila kadi.

Umeme na umbo la kasha

Kompyuta nyingi za mitumba zilikuwa za ofisini, na humo ndimo fedha za wengi hupotelea. Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 240 isiyo na waya wa kulisha kadi kubwa. Kasha lenyewe hupokea kadi fupi tu. Aliyenunua RX 580 kwa ajili ya mashine hiyo atarudi nayo dukani, na si kila muuzaji hupokea kilichokwisha kutoka.

Kwa kompyuta za namna hiyo, chaguo ni 750 Ti, 1050 Ti au 1650 za umbo fupi zisizodai waya wa ziada.

Mwenye skrini ya zamani ya VGA naye ajihadhari. Kadi za GTX 10 na RX 500 hazitoi tena mawimbi ya VGA, hivyo atahitaji kifaa cha kubadilisha.

Umri uliobaki

Kadi inaweza kuwa nzima na bado ikafungiwa mlango. Mwezi Oktoba 2025 Nvidia ilihitimisha draiva za michezo mipya kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, ambamo zimo 750 Ti, 970, 1050 Ti na 1060, ikibakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 haikuhusishwa katika uamuzi huo. Kwa upande wake, AMD ilizitenga RX 400 na RX 500 katika draiva kuu mwaka 2023.

Baadhi ya michezo mipya pia haizipokei. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya mwaka 2025 hudai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga. Hakuna hata moja kati ya tulizozitaja iliyojengewa uwezo huo.

Kabla ya kulipa

Septemba 15, 2022, mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kutumia kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikaingia sokoni. Si zote mbovu, lakini feni zake huenda zimechoka.

Wapo pia wanaobandika jina la GTX 1050 Ti kwenye kadi za kale kama GTS 450. Programu ya bure ya GPU-Z huwaumbua wengi wao, kwani huonyesha idadi ya viini, aina ya kumbukumbu na upana wa njia.

Mwombe muuzaji aichomeke kadi mbele yako, uifungue programu hiyo, kisha uendeshe mchezo kwa nusu saa huku ukitazama joto. Muuzaji akikataa, ondoka.

Anza na pawa saplai uliyonayo, kisha skrini, kisha michezo unayoipenda. Bei iwe swali la mwisho. Anayeanza na bei huishia kulipa mara mbili.